Ufikivu wa makumbusho ya sanaa kwa watu wenye ulemavu

Ufikivu wa makumbusho ya sanaa ni hali inayomwezesha mtu mwenye ulemavu kuingia katika makumbusho, kuzunguka humo, kuvielewa vitu vinavyoonyeshwa na kuvifurahia pamoja na wageni wengine. Unahusu jengo, maelezo, mwanga na namna wahudumu wanavyompokea mgeni.

Haki na sheria

Umoja wa Mataifa ulipitisha Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu tarehe 13 Desemba 2006. Ibara yake ya 30 inataja makumbusho waziwazi, pamoja na maktaba, kumbi za maigizo na sinema. Tanzania iliuridhia mkataba huo mwaka 2009, na mwaka 2010 ikatungwa Sheria ya Watu wenye Ulemavu (Na. 9). Hivyo kumwezesha mgeni kuifikia sanaa ni kutimiza haki yake, wala si hisani.

Jengo

Mtu anayetumia kiti mwendo huhitaji njia ya mteremko badala ya ngazi. Kipimo kinachotumika sana ni 1 kwa 12: ngazi zenye kimo cha sentimita 60 huhitaji mteremko wenye urefu wa mita 7.2. Milango inapaswa kuwa na upana wa kutosha, na kabati za maonyesho zisiwe juu mno kwa mtu aliyeketi. Viti vya kupumzikia huwafaa wazee na wanaotembea kwa magongo.

Maelezo na vitu vya kugusa

Kwa mgeni asiyeona, kitu kilichofungiwa ndani ya kioo ni sawa na kitu kisichokuwepo. Kwa sababu hiyo makumbusho mengine huruhusu baadhi ya vitu viguswe, au hutengeneza nakala zake. Museo Omero ya Ancona, Italia, iliyoanzishwa mwaka 1993 kwa juhudi za mume na mke wasioona, huwaruhusu wageni wote kugusa sanamu. Maandishi ya nukta nundu husaidia, lakini si kila asiyeona anayajua. Ndiyo maana maelezo ya sauti huhitajika pia.

Viziwi huhitaji mkalimani au video ya lugha ya alama ya nchi yao, kwa kuwa lugha hizo hutofautiana. Watu wenye ualbino wengi wana uoni hafifu na huumizwa na mwanga mkali. Kwao herufi kubwa, ruhusa ya kusogea karibu, na kivuli mahali pa kusubiri ni mambo ya lazima.

Usukumani

Katika Manispaa ya Shinyanga, ambamo imo kata ya Ngokolo, Shule ya Msingi Buhangija imelea watoto wasioona, viziwi na wenye ualbino. Baadhi ya watoto wenye ualbino walipelekwa huko kwa usalama wao, kutokana na mauaji yaliyoikumba Kanda ya Ziwa. Watoto wa namna hiyo waliotengwa na familia zao wako hatarini kutengwa pia na urithi wa kabila lao.

Urithi huo umehifadhiwa katika Makumbusho ya Wasukuma huko Bujora, Kisesa, karibu na jiji la Mwanza, yaliyoanzishwa na padri Mkanada David Clement. Humo kuna ngoma za watemi, viti, zana za kazi na vifaa vya vyama vya wachezaji, Wagika na Wagalu. Vitu vya aina hii havikutengenezwa ili vitazamwe tu. Ngoma husikika kwa masikio, na mtikisiko wake humfikia hata kiziwi akiigusa. Kiti cha kuchongwa na jembe la kuchezea bugobogobo hujulikana kwa mikono. Nakala chache za kugusa zingetosha kuanzia, bila kuharibu vitu vya asili.

Ushirikishwaji

Mabadiliko hufanikiwa zaidi watu wenye ulemavu wanaposhirikishwa tangu kupanga. Nchini Tanzania vyama vyao vimo katika shirikisho la SHIVYAWATA, wakiwemo viziwi (CHAVITA), wasioona (TLB) na wenye ualbino (TAS). Mgeni asiyeona akiombwa kuijaribu njia kabla ya ufunguzi, kasoro hugunduliwa wakati marekebisho bado ni rahisi.