Kompyuta ya nyumbani iliyo nzito: namna ya kuisafisha na kuirudishia kasi

Kwa wafanyabiashara wengi wadogo wa mipakani, kompyuta ya nyumbani ndiyo ofisi. Mchana mtu yuko Namanga, Busia au Tunduma akifuatilia mzigo; usiku anakaa mezani kuandika ankara, kujaza ritani ya kodi na kumtumia wakala wa forodha nakala za hati kwa barua pepe. Mashine inayochukua dakika 10 kuwaka, au inayoganda mara tu faili la pili linapofunguliwa, inaweza kuchelewesha mzigo sawasawa na hati iliyokosewa.

Nyingi ya mashine hizo ni za mitumba. Zilitumika kwanza katika maofisi ya Ulaya au nchi za Ghuba, zikafutwa vumbi, zikauzwa upya katika maduka ya Kariakoo, Luthuli Avenue au Kampala. Kuwa ya mtumba si kosa. Kompyuta ya ofisini iliyotengenezwa miaka 10 iliyopita bado inaweza kuandika barua, kupiga hesabu na kufungua tovuti bila taabu. Tatizo ni kwamba wengi hukimbilia kwa fundi, naye fundi hukimbilia kufuta kila kitu na kuweka Windows upya, kabla hajajua ugonjwa ni upi.

Kwanza nakala

Kabla ya kugusa chochote, hati zote zinakiliwe nje ya kompyuta. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inampa ofisa wa forodha uwezo wa kudai vitabu na hati za mzigo ndani ya miaka 5, na sheria za kodi za Kenya na Tanzania nazo zinataka kumbukumbu zitunzwe miaka 5. Mtu aliyepoteza ankara zake kwa sababu fundi alifuta diski hana utetezi mzuri mbele ya mkaguzi. Flashi moja haitoshi. Flashi hupotea na hufa bila kuaga. Nakala moja iwe katika diski ya nje, nyingine katika hifadhi ya intaneti kama Google Drive au hata katika barua pepe ya mwenyewe.

Kuna jambo jingine linalosahaulika. Diski kuu inayokaribia kufa huifanya kompyuta kuwa nzito kwa namna inayofanana kabisa na uchafu wa programu. Dalili zake ni sauti ya kugonga-gonga, mafaili yanayokataa kufunguka, na mashine kuganda kwa nusu dakika halafu kuendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Programu ya bure iitwayo CrystalDiskInfo husoma taarifa za afya ya diski na kuonyesha rangi: buluu ni nzima, njano ni tahadhari, nyekundu ni mbaya. Ikiwa ni njano au nyekundu, usafi wote usimame. Kuipanga upya au kuichunguza virusi kwa saa 3 diski ya namna hiyo ni kuimalizia. Nakili hati, badilisha diski, ndipo mengine yafuate.

Kujua kinachoizuia

Watu wengi hulaumu kompyuta kumbe ni intaneti. Jaribio ni rahisi: kata intaneti, kisha fungua waraka uliohifadhiwa ndani ya mashine. Ukifunguka upesi, kompyuta haina kosa. Tangu nyaya za chini ya bahari zilipoanza kufika, SEACOM ikiwa ya kwanza kuanza kutoa huduma Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009, kasi ya intaneti imepanda sana, lakini kurasa nazo zimenenepa. Ukurasa wa leo huomba kumbukumbu nyingi mara kadhaa kuliko wa miaka ile.

Ikithibitika kuwa ni kompyuta, bonyeza kwa pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc. Dirisha litakalofunguka linaonyesha safu tatu za kuangaliwa: prosesa, kumbukumbu na diski, kila moja kwa asilimia. Iache mashine itulie dakika 5 baada ya kuwaka, kisha soma. Diski ikiwa asilimia 100 wakati hakuna kazi yoyote, tatizo ni diski ya zamani inayozunguka, au programu nyingi zinazoisoma kwa pamoja. Kumbukumbu ikizidi asilimia 85 kabla hujafungua chochote, RAM ni ndogo. Prosesa ikiwa juu muda wote, kuna programu inayofanya kazi kisirisiri, na huenda ni kirusi. Dakika hizi 5 ndizo humwokoa mtu kununua RAM wakati kilichohitajika ni diski.

Programu zinazojiwasha zenyewe

Kila programu inayowekwa hupenda kujiwasha pamoja na Windows: ya kuchapisha, ya kupiga simu, ya kucheza muziki, ya kujisasisha. Baada ya miaka 3 zinakuwa 20, na kila moja inakula kipande cha kumbukumbu. Katika Windows 8 na zilizofuata, dirisha lile lile la Ctrl, Shift na Esc lina ukurasa wa programu zinazojiwasha. Mtumiaji anachagua moja moja na kuizima. Katika Windows 7 njia ni kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, kisha kuandika msconfig. Kuzima huku hakufuti programu. Itaendelea kufunguka ikiitwa. Ziachwe programu ya kuzuia virusi na zile za sauti na kipanya. Jina usilolijua litafutwe kwanza katika intaneti kabla ya kuzimwa.

Programu mbili za kuzuia virusi katika mashine moja ni balaa linaloonekana mara kwa mara. Kila moja huchunguza kila faili, na mashine husimama. Mara nyingi moja ililetwa na muuzaji kwa majaribio na muda wake umekwisha. Itolewe. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, Windows ina kinga yake ya ndani, nayo hujiwasha yenyewe nyingine ikiondolewa. Kwa matumizi ya nyumbani inatosha.

Nafasi katika diski

Diski iliyojaa hadi kooni huifanya Windows ikose mahali pa kuweka mafaili yake ya muda. Ni vizuri asilimia 15 hadi 20 ya diski C ibaki tupu. Bonyeza Windows na R, andika cleanmgr, na chombo cha usafi cha Windows yenyewe kitaorodhesha kinachoweza kufutwa: mafaili ya muda, masalia ya masasisho, kapu la taka. Baada ya kupandisha toleo la Windows huachwa pia folda iitwayo Windows.old, ambayo yaweza kuwa na gigabaiti nyingi; hujifuta baada ya siku 10, lakini ikiwa mashine inafanya kazi vizuri inaweza kufutwa mapema kupitia hapo hapo.

Tahadhari moja hapa. Katika toleo la Windows 10 lililotoka mwaka 2018, lenye namba 1809, orodha hiyo iliongezewa folda ya Downloads, yaani yale yote yaliyopakuliwa kutoka intaneti. Waliozoea kuweka alama kila mahali na kubonyeza sawa walifuta stakabadhi zao za malipo, kwa kuwa wengi huziacha huko huko zilikoshukia. Kipengele hicho kiliondolewa katika toleo la 2004 la mwaka 2020, lakini kompyuta zisizosasishwa bado zinacho. Stakabadhi zihamishwe kwenye folda yenye jina na mwaka kabla ya usafi kuanza.

Programu za kulipia zinazoahidi kuongeza kasi mara 10, au kusafisha ile daftari la ndani la mipangilio ya Windows liitwalo registry, hazina faida ya maana. Microsoft yenyewe haiungi mkono usafishaji wa registry kwa programu za namna hiyo, na makosa yake yanaweza kuizuia mashine isiwake. Hata zenye jina zuri si salama daima: mwaka 2017 toleo 5.33 la CCleaner, programu ya usafi iliyotumika duniani kote, lilisambazwa likiwa na msimbo wa wadukuzi ndani yake, likawafikia watumiaji zaidi ya milioni 2.

Virusi vya flashi

Katika ukanda huu kirusi husafiri kwa flashi kuliko kwa barua pepe. Flashi hutoka nyumbani kwenda kwenye duka la kuchapisha, ikarudi na mgeni. Dalili inayojulikana sana ni mafolda kugeuka njia za mkato, na ukibonyeza moja unakiwasha kirusi. Mafaili ya kweli hayajafutwa, yamefichwa tu. Kwanza flashi na kompyuta zichunguzwe zote mbili. Kisha, kama flashi ni E, fungua dirisha la amri na uandike attrib -h -r -s /s /d E:\*.* na mafaili yataonekana tena. Asiyeanza na uchunguzi atayaona yakifichwa upya baada ya dakika chache. Mwaka 2011 Microsoft ilisambaza sasisho lililozuia flashi kujiendesha yenyewe katika Windows XP na Vista, ila hilo halizuii mkono wa mtu kubonyeza njia ya mkato.

Mlango mwingine ni Windows ya wizi. Vifaa vya kuvunja kufuli la leseni huagiza kinga ya virusi izimwe kwanza, na agizo hilo lingetosha kumtia mtu shaka. Baadhi huacha ndani programu inayotumia prosesa ya mwenye nyumba kuchimba sarafu za kidijitali za mtu mwingine. Mwenye nyumba hulipa umeme na kushangaa feni inavyonguruma usiku kucha.

Vumbi na joto

Prosesa ikipata joto kupita kiasi hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Kwa hiyo kompyuta iliyo nyepesi asubuhi na nzito mchana mara nyingi inahitaji brashi, si programu. Mahali penye barabara ya vumbi, feni huzibwa na utando mithili ya blanketi. Zima mashine, chomoa umeme, toa betri inayochomoka, fungua mfuniko na upulize vumbi nje huku feni ikiwa imeshikwa isizunguke. Mashine ya kufagilia zulia isitumike, kwani huzaa umeme tuli unaoweza kuharibu vipande. Katika mashine ya zamani gundi ya joto iliyoko kati ya prosesa na chuma chake cha kupoza hukauka. Kuibadilisha ni kazi ndogo kwa fundi. Kompyuta mpakato isiwekwe juu ya godoro wala mto, maana matundu yake ya hewa yako chini.

Pa kutumia pesa

Ikiwa kuna pesa ya kununua kitu kimoja tu, na mashine bado ina diski inayozunguka, kinunuliwe diski ya SSD. Diski ya kuzunguka husoma takriban megabaiti 100 kwa sekunde. SSD ya kawaida ya SATA hufika 500, na katika kuokota mafaili madogo yaliyotawanyika, ambayo ndiyo kazi kubwa ya Windows, tofauti ni kubwa zaidi. Hakuna usafi wa programu unaokaribia badiliko hili. SSD haipangwi upya kama diski ya zamani. Windows huitunza kwa njia yake.

RAM ifuate. Gigabaiti 4 ni chini ya mahitaji ya leo, 8 zinatosha nyumba nyingi. Kipande cha DDR3 hakiingii penye DDR4, na cha kompyuta ya mezani hakiingii katika mpakato, basi fundi aandike aina kamili kabla ya mtu kuvuka mpaka kwenda kununua.

Bidhaa bandia ni nyingi, hasa diski za nje na flashi zinazodai ukubwa wa ajabu kwa bei ya kutupa. Hudanganya ukubwa wake: mafaili ya mwanzo hukaa, yanayofuata hupotea kimyakimya. Programu ya bure ya h2testw huijaza diski yote na kuisoma tena, na hutoa jibu. Ni vyema kuiendesha siku ile ile, muuzaji angali anakumbuka sura ya mteja.

Windows 10 na baada yake

Microsoft ilisitisha matunzo ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, ikatoa mpango wa masasisho ya usalama kwa watumiaji wa nyumbani hadi Oktoba 2026. Windows 11 inataka RAM ya gigabaiti 4, nafasi ya gigabaiti 64 na kipande cha usalama cha TPM 2.0, na kwa upande wa Intel kwa kawaida prosesa ya kizazi cha 8 au zaidi. Mashine nyingi za mitumba zinakwama hapo, ingawa kwa kazi bado zina nguvu. Anayenunua leo aulize kizazi cha prosesa kabla ya bei.

Kwa mashine iliyokwama, Linux Mint yenye sura ya Xfce ni nyepesi, ya bure, na hujaribiwa kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. LibreOffice inayokuja nayo hufungua nyaraka za Word na Excel; ni wa ukoo mmoja na Jambo OpenOffice, toleo la Kiswahili lililotolewa mwaka 2004 na mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kabla ya kuhama, mfanyabiashara afungue humo fomu zile zile anazotumia kwa mamlaka ya kodi, hasa zilizotengenezwa kwa Excel zenye vitufe ndani yake, kwani baadhi hugoma. Zikigoma, kompyuta hiyo waachiwe watoto kwa masomo na hesabu za biashara zihamie kwingine. Na ikiamuliwa kuuzwa, diski ichomolewe kwanza ibaki nyumbani, kwa sababu kufuta mafaili na kumwaga kapu la taka hakuyaondoi kweli.