Mnara wa simu kando ya nyumba: nani anaruhusu, na jirani ana haki gani

Mara nyingi mambo yanaanza na lori. Asubuhi inasimama mbele ya parseli, vijana wanashusha simenti, mchanga na vyuma virefu, na kufika saa sita shimo limekwisha kufunguliwa. Majirani wanauliza: kunajengwa nini hapa? Wanajibiwa: ni pilone ya simu. Wakati huo mkataba umekwisha kutiwa sahihi, mwenye parseli amekwisha kukubaliana na kampuni, na wale watakaolala chini ya mnara huo kila usiku ndio wa mwisho kujua.

Kabla ya kulalamika, inafaa kujua mnara ni wa nani. Watu wanaona antene za Vodacom, Airtel au Orange na kufikiri mnara ni wa kampuni hiyo. Si hivyo kila mara. Kuna kampuni ambazo kazi yao ni kujenga minara na kukodisha nafasi juu yake. Helios Towers, yenye makao yake London, inafanya kazi hiyo katika Kongo tangu mwaka 2011. Mnara mmoja unaweza kubeba antene za kampuni mbili ao tatu. Kwa hiyo barua iliyopelekwa kwa kampuni ya simu inaweza kurudi na jibu moja tu: sisi ni wapangaji. Kama kuna kibao kwenye mlango wa uzio chenye jina la kampuni na namba ya mnara, andika vyote viwili mbele ya kuandika barua yoyote.

Sasa ruhusa. Hakuna karatasi moja inayotosha. Ziko kadhaa, na zinatoka ofisi mbalimbali. Ndiyo maana wakaaji wanazungushwa.

Kwanza kuna ARPTC, mamlaka ya serikali inayosimamia posta na mawasiliano. Wengi wanaifahamu juu ya RAM, yale makato ya unite yaliyoanza mwaka 2020 na kuondolewa 2022. Chini ya sheria namba 20/017 ya tarehe 25 Novemba 2020, kampuni haiwezi kufanya biashara ya simu bila kupita kwenye usimamizi huo. Lakini leseni ya simu haisemi kama ukuta wa jirani utapasuka. Kampuni ikionyesha leseni yake ya Kinshasa, imejibu swali lingine.

Pili ni ardhi. Tangu sheria ya tarehe 20 Julai 1973, udongo wa Kongo ni mali ya Serikali. Raia anapewa haki ya kuutumia. Mkataba wake unaonyesha ardhi ni ya matumizi gani. Parseli ya kukaa ikigeuzwa kiwanja cha mnara, grupu na tangi ya mazuti, ni halali kuuliza ofisi ya ardhi kama mabadiliko hayo yaliandikwa mahali.

Tatu ni kibali cha kujenga, kinachohusu ofisi ya mipango ya mji, ile watu wanayoita Urbanisme. Hapa ndipo watu wengi wanadanganyika. Kampuni inapita kwa shefu wa avenyi, inapita kwa shefu wa kartie, sahihi zinawekwa, muhuri unapigwa. Sahihi hizo ni za kuwajulisha viongozi wa chini. Hazichukui nafasi ya kibali cha kujenga, hata muhuri ukiwa mkubwa namna gani.

Nne ni mazingira. Sheria namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 inasema kwamba mradi unaoweza kudhuru mazingira unatakiwa kufanyiwa uchunguzi kabla ya kuanza, pamoja na mpango wa kupunguza madhara. Kwenye karatasi za Kifaransa unaitwa « étude d'impact environnemental et social », na kazi ya kuupima ni ya ACE, Agence Congolaise de l'Environnement. Kifungu cha 24 cha sheria hiyo kinaongeza jambo ambalo wakaaji wengi hawajui: uchunguzi wa hadharani, yaani kuuliza raia mawazo yao kabla, si baada. Kwa hiyo swali la kwanza la jirani lisiwe « mutaondoa lini? » bali « mulituuliza lini, na ripoti iko wapi? »

Juu ya afya, hofu ni kubwa na haifai kuchekwa. Mwaka 2011 shirika la utafiti wa kansa la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake Lyon, Ufaransa, liliweka mawimbi ya redio na simu katika kundi la 2B, maana yake vitu ambavyo « labda » vinaweza kuleta kansa. Neno hilo « labda » lina uzito wake: uthibitisho ni mdogo, lakini haikuwezekana kufunga mlango. Sehemu kubwa ya wasiwasi huo ilitoka kwenye uchunguzi wa watu wanaoweka simu kwenye sikio kwa muda mrefu, si wanaokaa karibu na mnara.

Vipimo ambavyo nchi nyingi zinafuata vinatoka kwa ICNIRP, kikundi cha wataalamu wa kimataifa. Kwa raia wa kawaida, mpaka ni wati 4.5 kwa kila mita ya mraba kwenye mawimbi ya megahazi 900, na wati 9 kwenye megahazi 1800. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani liliandika kwamba vipimo vilivyochukuliwa karibu na minara vilikuwa kati ya asilimia 0.002 na asilimia 2 ya mpaka huo. Na kuna jambo linaloshangaza watu: simu inayotafuta rezo ya mbali inatumia nguvu zaidi. Mnara ukiwa mbali sana, ile simu iliyo mfukoni ndiyo inayopiga kelele ya mawimbi.

Tena mpaka wa ICNIRP hauhesabu mita. Unahesabu nguvu ya mawimbi yanayomfikia mtu. Antene haimwagi mawimbi chini kama maji ya mvua. Inayatupa mbele, kama taa ya motokari, na inainamishwa kidogo. Mwangaza huo mkuu unagusa ardhi kati ya mita 50 na 300 kutoka mnara. Anayekaa chini kabisa ya mnara mara nyingi anapata kidogo kuliko anayekaa ngʼambo ya barabara.

Lakini Bukavu si uwanja wa mpira. Mji umepanda milima, na hapo hesabu inabadilika. Mnara wa mita 30 uliosimamishwa chini ya mteremko wa Kadutu unaweza kuwa na antene zake sawasawa na madirisha ya nyumba zilizo juu. Mtu wa nyumba hiyo haishi « chini » ya antene. Anaishi mbele yake. Mchoro uliofanywa kwa mji wa tambarare kama Lubumbashi hautoshi kwa mtu huyo. Wakaaji wa miteremko wana haki ya kuomba kipimo kifanywe kwao, nyumbani, antene zikiwa zinafanya kazi, na matokeo yaandikwe kwa namba.

Hata hivyo, linalowanyima watu usingizi kila siku si mawimbi, ni grupu. Umeme wa SNEL ukikatika, mashine inawaka, na kwenye kartie ambapo umeme unapotea siku nzima, mashine inanguruma siku nzima. Moshi unaingia jikoni. Mazuti yanamwagika wakati wa kujaza tangi, yanaingia kwenye mtaro, kisha kwenye kisima cha mtu. Mambo hayo yana dawa: sanduku la kuzuia sauti, betri na sahani za jua, sakafu ya simenti chini ya tangi, bomba la moshi kugeuzwa upande usio na nyumba. Kampuni inaweza kukataa kuhamisha mnara na bado ikakubali haya yote, kama yameombwa wazi.

Udongo nao unaongea. Tarehe 3 Februari 2008 tetemeko lenye nguvu ya 5.9 lilipiga Bukavu na Cyangugu ngʼambo ya Ruzizi. Watu walikufa na nyumba zikaanguka. Mji huohuo unaporomoka kila msimu wa mvua. Kuuliza kama udongo ulipimwa kabla ya kumwaga simenti si ushamba. Vilevile radi: mashariki mwa Kongo ni kati ya sehemu za dunia zinazopigwa na radi zaidi. Kitu kirefu kinapigwa, na ndiyo sababu mnara unawekewa kinga ya radi na waya mnene unaoingia ardhini. Waya huo ukiibwa na wauza shaba, kinga imekufa, na moto wa radi utatafuta njia nyingine.

Namna ya kupinga iko kwenye Katiba yenyewe. Kifungu cha 27 kinampa kila Mkongomani haki ya kuandikia mamlaka, peke yake ao pamoja na wengine, na mamlaka inatakiwa kujibu ndani ya miezi mitatu. Majina, avenyi na namba za parseli ziwe wazi. Barua iende kwa bugumestre na kwa meya, nakala kwa Urbanisme, kwa mazingira na kwa ARPTC, na kila nakala irudi na muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri huo, hesabu ya miezi mitatu haina mwanzo.

Shida ni kwamba simenti haingoji miezi mitatu. Petisyo peke yake haisimamishi kazi. Anayeweza kusimamisha ni mamlaka iliyotoa kibali, ao tribinali. Kwa hiyo siku ya lori ndiyo siku ya kuandika. Barua inayozungumza kansa tu inajibiwa kirahisi kwa karatasi ya ICNIRP. Ile inayouliza kibali, uchunguzi wa hadharani, umbali wa grupu na ukuta wa jirani ni ngumu kuitupa.

Si wakaaji wote wanapinga, na wanaotaka mnara nao wana sababu. Tarehe 27 Mei 2021, siku chache baada ya Nyiragongo kulipuka, sehemu ya Goma iliamriwa kuhama. Familia zilizotawanyika kuelekea Sake na Gisenyi zilitafutana kwa simu. Mama mwenye mgonjwa usiku hataki kupanda mlima kutafuta rezo. Mwenye parseli naye anasomesha watoto kwa kodi ya mnara, na jirani anayemwita adui anatumia rezo ileile.

Madhara yakitokea, sheria ya zamani ya madeni na mikataba, ile ya mwaka 1888, bado inatumika: kifungu cha 258 kinamlazimisha aliyesababisha hasara kwa kosa lake kulipa, na cha 260 kinamhusisha mtu na kitu kilicho chini ya ulinzi wake. Lakini ni lazima kuonyesha ukuta ulikuwa namna gani kabla. Picha zilizopigwa siku ya kwanza, zenye tarehe, zina nguvu kuliko mashahidi kumi wa baadaye.

Jambo moja linasahauliwa mpaka kunapotokea matanga. Mkataba wa mnara ni wa miaka mingi. Mwenye parseli anaweza kufa, watoto wakagawana nyumba, na mnara ukabaki pale pale ukilipa kodi kwa mmoja tu kati yao, ama kwenye akaunti ambayo wengine hawaijui. Anayetaka kununua parseli ya namna hiyo aombe kuona mkataba huo, ukurasa wa miaka na ukurasa wa kuondoa vyuma, mbele ya kuhesabu franga.