Bokungu, Mazembe na karatasi ambayo Kapata bado inaidai

Mei 2026 inatimia miaka 15 tangu TP Mazembe ya Lubumbashi, bingwa wa Afrika mara mbili mfululizo, iondolewe kwenye Ligi ya Mabingwa na karatasi. Haikuwa penalti wala bao la ugenini. Ilikuwa jina moja kwenye orodha ya wachezaji, Janvier Besala Bokungu, na swali moja: huyu beki ni wa nani?

Kisa hiki kinasimuliwa sana Lubumbashi na Dar es Salaam, kila upande na uchungu wake. Kinastahili kusimuliwa pia Kapata, kambi ya wafanyakazi wa migodi iliyo nje kidogo ya Kolwezi, ambako leo wachimbaji wa mikono na familia za wastaafu wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, wanaishi mlango kwa mlango, na watoto wanacheza mpira kwenye vumbi lilelile wanalolichimba baba zao. Kapata haikutajwa popote katika kesi ile. Lakini jambo lililoamuliwa, yaani nani ana haki juu ya mchezaji na kwa ushahidi gani, ndilo linaloamua kama kambi kama hii itapata chochote siku mtoto wake akivuka bahari.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 2010 Mazembe ilikuwa kwenye kilele ambacho hakuna klabu ya Afrika iliyokuwa imekifikia. Oktoba 31 iliichapa Espérance ya Tunis mabao 5-0 Lubumbashi, ikaenda Tunisia kutoka sare ya 1-1 na kubaki na kombe. Desemba, huko Abu Dhabi, iliifunga Pachuca ya Mexico 1-0, kisha Internacional ya Brazil 2-0 kwa mabao ya Kabangu na Kaluyituka, ikawa timu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali ya Kombe la Dunia la Klabu. Inter Milan iliishinda 3-0, lakini kipa Kidiaba alikuwa ameshaionyesha dunia namna ya kushangilia kwa kurukaruka akiwa amekaa.

Miezi mitatu baadaye Mazembe ilipangwa na Simba. Msomaji wa Kolwezi asichanganye: hii ni Simba ya Msimbazi, Dar es Salaam, si AS Simba yetu ya Kolwezi. Mazembe ilishinda 3-1 Lubumbashi na 3-2 Dar es Salaam. Mpira ulikwisha, jumla 6-3, Watanzania wakaaga mashindano.

Hawakwenda kulala. Viongozi wa Simba walifungua faili. Bokungu alikuwa amekwenda kuichezea Espérance, kisha akarudi Lubumbashi na kupangwa dhidi ya Simba. Hoja ya Simba ilikuwa fupi: mkataba wa beki huyo na Watunisia haukuwa umemalizwa kwa utaratibu, kwa hiyo Mazembe haikuwa na haki ya kumchezesha. Wakakata rufaa CAF, shirikisho la soka la Afrika. Wakati faili likisomwa, Mazembe iliendelea na safari yake, ikaitoa Wydad Casablanca na kuingia hatua ya makundi.

Mei 2011 CAF ikatoa uamuzi: Mazembe nje.

Hapo ndipo mji wa Lubumbashi ulipojifunza maana ya kufungwa mezani. Nafasi iliyoachwa haikugawiwa bure. CAF iliamuru Simba na Wydad, timu mbili zilizotolewa na Mazembe uwanjani, zicheze mechi moja Cairo. Wydad ilishinda 3-0, ikaendelea mpaka fainali, na huko ikafungwa na Espérance. Kwa hiyo kombe la 2011 lilikwenda Tunis, kwa klabu ileile iliyokuwa na jina lake kwenye karatasi za Bokungu, na iliyokuwa imepigwa tano Lubumbashi mwaka mmoja kabla.

Mashabiki wengi wa Katanga hadi leo wanaona timu yao ilionewa. Makala hii haikubaliani nao. Sheria ya uhamisho inataka mchezaji akivuka mpaka, shirikisho analotoka litume cheti cha kimataifa kwa shirikisho analokwenda, na tangu Oktoba 2010 FIFA ililazimisha uhamisho wa kimataifa wa wachezaji wa kulipwa upitie kwenye mtandao wake wa kompyuta. Klabu yenye wanasheria, ndege na fedha haikuwa na sababu ya kuacha mlango huo wazi. Simba waliusukuma tu.

Na katika mwaka uleule wa ugomvi, Mazembe iliingia Msimbazi na mkoba. Ilimchukua mshambuliaji wa miaka 18, Mbwana Samatta, pamoja na kiungo wa Uganda, Patrick Ochan. Safari hii karatasi zilikuwa safi. Samatta alikaa Lubumbashi hadi Januari 2016. Mwaka 2015 alimaliza Ligi ya Mabingwa na mabao 7, akafunga katika mechi zote mbili za fainali dhidi ya USM Alger, na Mazembe ikatwaa kombe lake la tano. Kutoka hapo akatangazwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza barani, akaenda Genk ya Ubelgiji, na Januari 2020 akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza, akiwa Aston Villa.

Mazembe yenyewe ilizaliwa 1939 kwa mikono ya watawa wa Kibenedikto wa shule ya Saint-Boniface, Élisabethville ya wakati huo. Baadaye ikavaa jina la kampuni ya matairi, Englebert, na sifa ya Tout Puissant, yenye nguvu zote. Ilikuwa bingwa wa Afrika 1967 na 1968. Siku hizo neno mkataba halikuwa na uzito mkubwa: mchezaji alipata kazi, nyumba na heshima, na kampuni au mwanasiasa ndiye aliyeamua atachezea wapi. Léon Mokuna wa Léopoldville alikuwa ameshatangulia Ureno 1954, kisha Ubelgiji, na wengine wakamfuata. Mobutu alipotwaa madaraka aliwaita nyumbani waliokuwa Ulaya na kuwafungia njia waliobaki. Bwanga Tshimen wa Mazembe alikuwa mwanasoka bora wa Afrika 1973, na hakuna klabu ya Ulaya iliyoruhusiwa kuweka bei mezani.

Kama hilo linaonekana kuwa jambo la udikteta wa Afrika peke yake, tutazame Marekani na mchezo wao wa besiboli. Kule klabu hubadilishana wachezaji kama wafanyabiashara wanaobadilishana magunia, na kwa miongo mingi mchezaji hakuulizwa. Desemba 1919 Boston iliwauzia Yankees wa New York Babe Ruth kwa dola 100,000. Mwaka 1969 St. Louis ilimpeleka Curt Flood Philadelphia. Akakataa, akaenda mahakamani, akashindwa 1972 mbele ya Mahakama ya Juu ya nchi yake. Kifungo kilichomfunga mchezaji kwa klabu maisha yake yote kilikatwa 1975, mwamuzi Peter Seitz alipowapa haki Andy Messersmith na Dave McNally. Ulaya ilisubiri hadi 1995, katika kesi ya Mbelgiji Jean-Marc Bosman, ndipo mchezaji aliyemaliza mkataba akaruhusiwa kuondoka bila klabu mpya kulipa ada.

Lakini Wamarekani walifanya jambo jingine ambalo sisi hatujalifikiria. Walijua kuwa mchezaji akiwa huru, tajiri atawanunua wote. Tangu 1965 vijana wapya huchaguliwa kwa zamu, na kwa miaka mingi zamu ya kwanza ilikuwa ya walioshika mkia. Baadaye wakaweka kodi kwa klabu inayopitiliza katika kulipa mishahara, na wenye mapato makubwa huwachangia wenye madogo. Yankees bado ni matajiri, ila si kila mwaka kombe ni lao.

Kongo haina kinga yoyote ya namna hiyo, na matokeo yanasomeka kwenye orodha ya mabingwa. Kuanzia 2006 hadi 2020, katika misimu 15, Mazembe ilitwaa taji la Linafoot, ligi kuu ya nchi, mara 11. Mara tatu likaenda kwa AS Vita Club, mara moja kwa Motema Pembe, zote za Kinshasa. Kolwezi: sifuri. Hata Saint-Éloi Lupopo, timu ya watu wa reli na mpinzani wa jadi wa Mazembe, haijaonja ubingwa tangu 2002.

Nguvu hiyo ilitoka wapi? Moïse Katumbi alichukua uongozi wa Mazembe 1997, mwaka uleule alioanzisha Mining Company Katanga, kampuni ya ukandarasi wa migodi. Gavana wa Katanga alikuwa yeye, kuanzia 2007 hadi 2015. Fedha ya shaba ikageuka mishahara, na mishahara ikawaleta Wazambia Rainford Kalaba na Stoppila Sunzu, Waghana Solomon Asante na Yaw Frimpong, Mwivori Roger Assalé, Watanzania Samatta na Thomas Ulimwengu. Mwaka 2011 klabu ikafungua uwanja wake wa Kamalondo wenye viti 18,500, na baadaye akademia. Sunzu ndiye aliyepiga penalti iliyoipa Zambia Kombe la Afrika 2012. Ni kazi ya kujivunia, na hakuna Mkatanga mwenye moyo asiyejivunia.

Ila shaba nyingi ya ukanda huu inatoka Kolwezi, si Lubumbashi. Gécamines ilipokuwa na afya, katikati ya miaka ya 1980, ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka, na kampuni hiyo ndiyo iliyobeba shule, hospitali na michezo ya kambi zake. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka, na kampuni nayo ikaporomoka juu ya wafanyakazi wake. Kapata ilibaki na nyumba na viwanja visivyo na mlezi. Mwaka 2015 Lualaba ikawa jimbo, Kolwezi ikawa makao makuu, makampuni mapya yakaja kwa ajili ya kobalti. AS Simba imeendelea kushiriki ligi kuu, na mji umepata timu nyingine, Blessing. Ligi yenyewe imeyumba: msimu wa 2022–2023 haukumalizika.

Kuna fedha moja, hata hivyo, ambayo haihitaji hisani ya kampuni yoyote. Tangu 2001 kanuni za FIFA zinasema mchezaji akiuzwa nje kabla ya mkataba wake kuisha, asilimia 5 ya ada ya uhamisho igawanywe kwa klabu zote zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Tufanye hesabu ya mchezaji wa dola milioni 10. Asilimia 5 ni dola 500,000. Klabu iliyokuwa naye akiwa na miaka 12 hadi 15 inapata dola 25,000 kwa kila mwaka, na kuanzia 16 inapata 50,000 kwa mwaka. Timu ya mtaa iliyomlea mtoto miaka minne ya mwanzo, kwa mipira miwili na jezi za kuazima, inadai dola 100,000.

Inadai, ikiwa ilisajiliwa kwenye shirikisho na mtoto akasajiliwa kwake. Malipo haya hufuata pasipoti ya mchezaji, hati inayoorodhesha klabu zake zote na tarehe za kuingia na kutoka. Tangu Novemba 2022 FIFA ina ofisi ya malipo Paris inayopeleka fedha kwa wenye haki kwa kufuata hati hizo. Ofisi hiyo haimjui kocha wa Kapata aliyemfundisha mtoto kupiga mguu wa kushoto. Inajua kilichoandikwa.

Jimbo linalopokea mirabaha ya kobalti halipaswi kushindwa kulipia daftari, kompyuta moja na karani wa kusajili watoto wa Kapata, Kasulo na Manika. Ni aibu kwamba timu nyingi za vijana zinaishi kwa jina la mtaa tu, na mtoto akichukuliwa kwenda Lubumbashi akiwa na miaka 16, miaka yake minne ya mwanzo haina mwenyewe.

Bokungu mwenyewe alirudi kwenye habari mwaka 2016. Simba ya Dar es Salaam ilimsajili, beki yuleyule iliyemkatia rufaa miaka mitano kabla, akaivalia jezi nyekundu kwa karatasi ambazo hakuna aliyezipinga.

Katika hesabu ya FIFA mwaka wa kwanza wa malezi ni ule mtoto anaotimiza miaka 12. Waliozaliwa Kapata 2014 wanaingia humo mwaka 2026.