Kutoka Homa ya Newala hadi Protini Unganishi

Mwaka 1952 ugonjwa ambao matabibu hawakuujua ulizuka katika Jimbo la Kusini la Tanganyika, kwenye uwanda wa juu wa Wamakonde huko Newala. Wagonjwa walishikwa na homa ya ghafla, upele na maumivu ya viungo yaliyowakunja mgongo. Marion Robinson na W. H. R. Lumsden walichapisha maelezo ya mlipuko huo mwaka 1955, na mwaka uliofuata R. W. Ross akaeleza namna virusi vya ugonjwa huo, unaoitwa chikungunya, vilivyotengwa. Lumsden alibaini kwamba, kwa kuwa maji yalikuwa adimu uwandani, watu waliyahifadhi majumbani, na humo ndimo mbu aina ya Aedes aegypti walimozaliana.

Uchunguzi huo ulifafanua dalili, mbu na virusi, lakini haukuweza kueleza jinsi mwili unavyopambana na virusi katika siku za mwanzo, kabla kingamwili hazijatengenezwa kwa wingi. Sehemu ya jibu ilianza kuonekana mwaka 1975, watafiti wa Sweden na Marekani walipoeleza kundi la chembe nyeupe za damu ziitwazo seli asilia ziuaji, ambazo huangamiza seli zilizoambukizwa au zenye saratani bila kuhitaji kufunzwa kwanza.

Seli hizo hutambua adui kwa vipokezi, yaani protini zinazochomoza juu ya utando wa seli, lakini vingi kati ya vipokezi vinavyoamsha mashambulizi vina mkia mfupi mno usioweza kufikisha taarifa ndani. Kazi hiyo hufanywa na protini unganishi, ambazo hushikamana na kipokezi ndani ya utando na kubeba ujumbe wake. Mojawapo ni DAP12, iliyofafanuliwa mwaka 1998 na kundi la Lewis Lanier: kipokezi kikigusa shabaha yake, vimeng'enya huitia fosfeti, nayo huvuta vimeng'enya vingine, Syk na ZAP-70, vinavyoendeleza amri hadi seli imwage sumu zake. DAP10, iliyoelezwa mwaka 1999, hukihudumia kipokezi NKG2D kwa njia tofauti.

Historia hizi mbili zilikutana mwaka 2011, utafiti ulipoonyesha kwamba katika hatua ya mwanzo ya chikungunya huongezeka seli asilia ziuaji zenye NKG2C, kipokezi kinachotegemea DAP12. Kwa hiyo wagonjwa wa Newala, ambao miili yao ndiyo iliyoufunulia ulimwengu ugonjwa huu, wanastahili kutajwa mwanzoni mwa historia ya elimu ya jinsi mwili unavyopambana na chikungunya, na kwa kuwa bado hakuna dawa mahususi ya kuua virusi hivyo, kufunika maji yaliyohifadhiwa kungali kinga ya lazima katika kila kaya ya kusini mwa Tanzania.