Mtungi Uliogoma Kutoa Gesi

Tangu nchi 5 za Ulaya zipendekeze mwaka 2023 kupigwa marufuku kwa kemikali za PFAS, plastiki iitwayo PTFE, iliyo mojawapo, imerudi midomoni mwa watu. Wengi wanaijua kama Teflon ya kikaangio, ila asili yake si jikoni.

Aprili 6, 1938, katika maabara ya DuPont huko Deepwater, New Jersey, Roy Plunkett na msaidizi wake Jack Rebok walikuwa wakitafuta gesi mpya ya majokofu. Rebok alifungua vali ya mtungi, gesi haikutoka. Wakaupima: uzito haukupungua. Wakachokoa vali kwa waya wakidhani imeziba, wapi. Walipoing'oa na kuupindua mtungi, ukadondoka unga mweupe. Hapo wakachukua msumeno, wakaupasua. Unga ule ulikuwa umegandamana kwenye kuta za ndani, maana molekuli za gesi zilikuwa zimeungana zenyewe. Mwingine angeutupa na kuagiza mtungi mpya. Plunkett aliutia kwenye asidi na viyeyushi, usidhurike.

Siri ya unga huo, yaani PTFE, ni florini, inayoufunika mnyororo wa kaboni kama magamba ya samaki. Hata mchanganyiko wa asidi unaoyeyusha dhahabu hauitafuni PTFE, nayo hufanya kazi kwenye joto la hadi nyuzi 260 za Selsiasi. Ila sodiamu iliyoyeyuka huiharibu, na florini yenyewe ikiwa ya moto.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, wahandisi wa bomu la atomiki walihitaji gasketi za kuhimili gesi ya urani inayokula karibu kila kitu. Unga wa Plunkett ukapata kazi. Jina Teflon lilisajiliwa 1945, vikaangio vikafuata miaka ya 1950. Leo fundi bomba wetu huzungusha utepe mweupe wa PTFE kwenye nyuzi za bomba kabla ya kufunga koki.

Sumu iliyoleta kilio ni PFOA, kemikali ya PFAS iliyotumika kutengeneza PTFE. Ilivuja kutoka kiwanda cha DuPont karibu na Parkersburg, West Virginia, hadi kwenye maji ya kunywa. Mfugaji Wilbur Tennant alipoteza ng'ombe wake akilalamika bila kusikilizwa. Mwaka 2017 DuPont na kampuni iliyotokana nayo, Chemours, zilikubali kulipa dola milioni 671 kumaliza kesi zipatazo 3,550. Gasketi ya kiwanda cha asidi naitetea. Utengenezaji unaomwaga taka mtoni siutetei, na sheria ya Ulaya ianze kubana hapo.