Kubadilisha injini ya Subaru kuukuu: Bei ya injini ni mwanzo tu wa gharama

Subaru Impreza na Legacy za miaka ya 1990 zingali zikionekana kwenye barabara za Kitale, Kiminini na Kwanza katika kaunti ya Trans Nzoia, na hata upande wa Bungoma. Sifa ya Impreza ilivuma nchini Colin McRae alipoitumia kushinda Safari Rally mnamo 1997. Lakini gari la umri huo halikosi kuchoka, na kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililozidi miaka 8, mwenyewe hawezi kuagiza jingine kama hilo. Awezacho kununua ni injini.

Injini yenyewe ni EJ20 ya lita 2, ambayo silinda zake 4 zimelala, mbili kila upande. Zilizotumika Japani huuzwa Nairobi, hasa barabara ya Kirinyaga, nyingine zikiwa peke yake na nyingine pamoja na giaboksi, nyaya na kompyuta. Iliyo peke yake ni nafuu siku ya kununua tu. Anayetaka kutia injini ya turbo mahali pa ile ya kawaida atahitaji kompyuta na nyaya zake, pampu ya petroli yenye nguvu zaidi na, jambo linalosahaulika mno, breki kubwa zaidi.

Giaboksi nayo ina mtego wake. Subaru husukuma magurudumu yote 4, hivyo uwiano wa meno ya giaboksi ni sharti ulingane na ule wa difu ya nyuma. Usipolingana, ekseli ya mbele na ya nyuma hushindana kila gari liendapo, na giaboksi iliyonunuliwa juzi huharibika. Magurudumu yenye ukubwa tofauti huleta madhara yayo hayo.

Hata hivyo, si kila injini inayochemka inafaa kutupwa. Kitale iko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na huko maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 94 hivi wala si 100. Kifuniko cha rejeta ndicho kinachotunza shinikizo ili maji yasichemke mapema. Kikilegea, kifaa hicho cha bei ndogo chaweza kuua injini nzima. Aidha, EJ20 hunasa hewa kwenye mfumo wa maji, na fundi asipoitoa baada ya kujaza rejeta, joto hupanda upya. Baadhi ya mafundi huondoa themostati wakidhani wanaisaidia injini. Matokeo yake, katika asubuhi za baridi za Trans Nzoia, injini hukawia kupata joto, hula petroli zaidi na kulika mapema.

Mwinuko huo pia hupunguza hewa kwa karibu sehemu moja kwa tano, na injini isiyo na turbo hupoteza nguvu kwa kadiri hiyo. Kwa hivyo, mwenye gari anayelalamika kuwa injini "imeisha" afaa kwanza apimiwe mgandamizo wa kila silinda. Vumbi la barabara za Kwanza wakati wa kiangazi huziba kichujio cha hewa upesi kuliko kitabu cha gari kinavyokadiria. Moshi wa buluu, hata hivyo, ni ishara ya oili kuungua, na hapo kichujio kipya hakitasaidia.

Injini iliyotumika ikishanunuliwa, taimingi belti ibadilishwe kabla haijafungwa garini, kwani hakuna ajuaye ilikwisha kwenda kilomita ngapi. Ikikatika, vali hugongana na pistoni katika EJ20 nyingi.

Iliyobaki ni karatasi. Nambari ya injini imeandikwa kwenye logibuku, na mabadiliko yake ni lazima yaripotiwe kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama (NTSA), na gari kukaguliwa. Muuzaji atoe risiti yenye nambari hiyo pamoja na stakabadhi za forodha. Bila hizo, ni vigumu kuthibitisha kwamba injini haikuibwa. Gari ambalo nambari zake hazilingani laweza kuzuiliwa na polisi, kampuni ya bima yaweza kukataa kulipa fidia, na mnunuzi mwangalifu atalikataa hata kama injini inanguruma vizuri.