Redio na Fasihi ya Kariakoo
Historia ya fasihi ya Kiswahili haina budi kuvuka mipaka ya kitabu. Sauti ya Dar es Salaam ilianza matangazo mwaka 1951. Mwaka 1965 ikarithiwa na Radio Tanzania. Kwa kuwa nchini hapakuwa na kiwanda cha santuri, bendi zilikwenda Nairobi au zilirekodi katika studio ya redio. Hivyo tungo za NUTA Jazz, iliyoundwa mwaka 1964, na za bendi zilizotumbuiza DDC Kariakoo zilifika vijijini, mafumbo na lafudhi zake zikihifadhiwa katika tepu. Lakini tepu huchakaa. Kuzinakili, pamoja na majina ya watunzi wake, ni wajibu wa mtafiti wa fasihi kama ulivyo wajibu wa fundi mitambo.